Viti Vinne vya Mpangaji

Jumatatu, 4 Machi

Mvua za msimu zimeanza leo saa nane mchana, nguo zangu zote zikiwa kambani. Nimezianua zikiwa zimelowa kuliko nilivyozitoa kwenye beseni.

Miaka thelathini na moja nimepiga chapa barua za watu wengine katika ofisi ya shule. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na madaftari kumi na mawili. Saa ilikufa mwaka uliopita. Madaftari bado yapo, basi nimeona niandike, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia jambo likakaa. Baba nikimwambia kitu asubuhi, mchana hakipo.

Kaka kapiga simu kutoka huko aliko. Nyumba ya wazazi ipangishwe, kodi itusaidie kumlipa mtu wa kumwangalia Baba, kwa sababu mimi peke yangu nitaanguka.

"Nyumba yenyewe tupu," nikamwambia.

"Ndiyo hapo. Wafanyakazi wa hospitali mpya wanataka nyumba yenye vitu ndani. Tia fenicha. Lakini usinunue mpya, mdogo wangu, hatuna ubavu huo."

Ni jambo la kuchekesha kama lingekuwa la mtu mwingine. Baba ni seremala, katengenezea viti nusu ya mji huu, na nyumba yake haina hata kigoda. Tulipomzika Mama mwezi wa kwanza, kila mtu aliomba kitu kidogo cha kumkumbukia. Kila aliyekuja kulia aliondoka na kiti. Baba nilikuwa nimeshamhamishia kwangu, na mlango niliufungua mimi mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa muuza samani zilizotumika, yule mwenye ua wa mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Watu wanamwita Bado Mpya, kwa sababu hana kitu kilichochakaa. Ukimwonyesha ufa, anakwambia ndiyo mtindo wake.

"Hiki kilikaliwa na mwalimu mmoja tu, mama. Tena mwembamba."

Nimechukua viti vinne, hakuna viwili vilivyozaliwa tumbo moja. Meza ya miguu mitatu, wa nne umefungwa juu yake kwa kamba. Kitanda kisicho na chaga. Kabati ambalo mlango wake mmoja unaning'inia kwa bawaba moja. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka, na bado nikaondoka nikijua nimeibiwa.

Kaka kauliza nani atavitengeneza.  Nilikuwa namtazama Baba, ambaye alikuwa amekigeuza kiti changu cha jikoni miguu juu na anakipapasa chini kama daktari.

Jumapili, 10 Machi

Nimempeleka Baba kule nyumbani kwake. Meza yake ya kazi bado iko barazani. Hakuna aliyeichukua kwa sababu imefungwa sakafuni kwa boliti. Mtu huyu hakumbuki kama kala, hakumbuki jina la mwanangu mkubwa, lakini mkono wake umekwenda moja kwa moja kwenye droo ya patasi bila macho kutazama.

Akakigeuza kiti cha yule mwalimu mwembamba. Akakitikisa. Akaninong'oneza, kama vile kiti kina masikio, "Nani alitengeneza hiki? Mpishi?"

Nimecheka. Tangu mwezi wa kwanza sijacheka hivyo.

Akafanya kazi mpaka saa sita. Kisha akainua kichwa. "Mama yako kaenda wapi?"

Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli. Kila nilipomwambia alilia upya, kwa maana kwake yeye ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kusikia. Kuna siku moja ya mwezi wa pili nilimzika mama yangu mara nne kabla ya jua kutua. Nikasema basi. Tangu hapo nadanganya.

"Kaenda sokoni," nikamwambia.

"Akirudi aje ajaribu kiti."

"Atakuja."

Hapo nimejitia kitanzi mwenyewe. Kazini kwa Baba, kiti hakikuwa kikimfikia mteja kabla Mama hajakikalia. Angemwita popote alipo, chungu kiko motoni, nguo ziko kwenye povu. Mama angekuja anajifuta mikono, angekaa, na Baba angepiga goti, sikio karibu na mguu wa kiti. "Bado. Usiinuke. Nasikiliza mguu." Dakika tano, dakika kumi. Mpaka Mama aseme, "Kimeshika." Ndipo kiti kinaondoka.

Nilikuwa nachukia sana jambo lile. Mama yangu mzima, anafanywa gunia la mchanga la kupimia viti vya watu.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Gundi haikauki.

Alhamisi, 14 Machi

Kitanda kina kunguni. Nimewaona mchana kweupe, wanatembea mbavuni mwa kitanda bila haraka, kama wenye hati ya nyumba. Nimekwenda kwa Bado Mpya nikiwa nimebeba maneno yangu yote.

"Hata kunguni wake bado wapya," nikamwambia. "Wengine ni wachanga."

Nilidhani atabisha. Akavaa viatu vya mpira, akaja mwenyewe na sufuria kubwa na jiko, akachemsha maji uani kwetu chini ya mwavuli, akamwagia kila ufa na kila tundu la msumari. Mara tatu. Hakutaka hata chai. Aliponiaga alisema kitanda chenyewe ni mbao nzuri, mzee atakiona. Baba kweli kakiona. Kakisifu, na Baba hasifu kazi ya mtu.

Jumanne, 19 Machi

Kiti cha kwanza kimekwisha. Kimepigwa msasa, ndimi za miguu, zile ncha zinazoingia kwenye matundu, zimetolewa gundi ya zamani na kutiwa mpya, kimepakwa vanishi. Ukikiona hutasema kilitoka kule kwenye mabati. Nikakishika nikiingize ndani.

"Weka chini," kasema Baba. "Mama yako hajakaa."

"Nitakaa mimi, Baba."

Akanitazama kama mtu niliyemdokolea chakula sahanini. "Wewe nani kakwambia ukae? Hiki cha mama yako."

Nimekiacha barazani.

Jumatano, 20 Machi

Hajakaa.

Ijumaa, 22 Machi

Leo kauliza mara sita. Nimemtuma Mama sokoni mara nne na kwa jirani mara mbili. Hata mimi nimeanza kujiuliza soko gani hilo.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua tangu alfajiri, hatukutoka. Baba kasinzia mbele ya dirisha. Nataka kuandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Ile siku ya mwezi wa kwanza nilikwenda kwao saa tisa mchana. Nilimkuta Mama kwenye kiti kilicho mlangoni mwa jikoni, sinia la maharagwe mapajani, kichwa kimeinamia upande. Baba alikuwa kwenye benchi hatua tatu kutoka pale. Aliponiona aliweka kidole mdomoni.

"Mwache," akaninong'oneza. "Leo kakaa mwenyewe."

Uso wake ulikuwa na furaha. Nilidhani ni usahaulifu unamchezea. Nikapita nikinyata, nikafua nguo zao zote, nikazianika. Tukanywa chai kimyakimya, yeye na mimi, kama watu walio chumba kimoja na mtoto aliyelala. Saa kumi na moja nikasema Mama sasa ataumia shingo. Nikamshika mkono.

Daktari alisema huenda aliondoka pale pale, kabla hata sijafika. Kisha akasema, huenda la. Naishi na hiyo "huenda" ya pili. Baba alikuwa pale tangu chakula cha mchana. Hakumwita, hakumgusa, hakushtuka. Najua ni mgonjwa. Najua nami nilipita pale pale nikafua nguo. Lakini sijamsamehe, na kila ninapomvalisha soksi nakumbuka kwamba sijamsamehe.

Na kile kiti ndicho nilichokitoa cha kwanza. Nilimpa mwanamke nisiyemjua jina, kabla vikombe vya matanga havijaoshwa, kwa kuwa sikutaka kukiona tena.

Jumatatu, 1 Aprili

Mpangaji kapatikana. Ni muuguzi, anahamishiwa hospitali mpya, ataingia tarehe moja mwezi wa tano. Anataka meza, viti vinne, kitanda, kabati, mapazia. Godoro atakuja na lake, Mungu ambariki.

Alikuja kuiona nyumba leo jioni baada ya zamu, viatu mkononi. Aliangalia dari, bomba, kufuli. Kiti kimoja barazani alikitazama kwa tamaa, lakini Baba alikaa mbele yake kama askari wa benki, naye hakuomba.

Ijumaa, 5 Aprili

Kiti cha pili na cha tatu tayari. Meza imesimama kwa miguu minne. Bati linavuja juu ya chumba cha nyuma. Nimeweka ndoo, na sasa kuna muziki.

Viti havijaingia ndani.

Jumanne, 9 Aprili

Kaka kapiga simu. Siku zote huuliza vitu tu: kabati vipi, mapazia vipi. Nimekuwa nikisema moyoni kwamba huyu ndugu yangu moyo wake ni wa mbao, na mbao yenyewe mbichi. Leo Baba alinipokonya simu.

"Mama yenu yuko huko kwako?"

 Nikamsikia kaka akisema kwa sauti nyembamba, "Yuko bafuni, Baba. Anaoga."

Baba akaridhika, akanirudishia simu. Nikatoka nayo nje.

"Kila siku unamwambia hivyo?"

"Kila nikipiga akishika yeye. Miezi mitatu sasa nimemweka Mama bafuni," kasema kaka. "Ngozi itamtoka, maskini."

"Na mimi nimemtuma sokoni tangu mwezi wa pili. Nauli imemwishia."

Tulicheka mpaka mimi nikashika ukuta. Kisha nikasikia kwamba upande wake si kicheko tena. Kasema haji kwa sababu hawezi kuulizwa uso kwa uso. Kwenye simu anaweza kukata. Kumbe ndiyo sababu. Sikuwa nimewaza kwamba mtu anaweza kuuliza habari za kabati ili asiulizwe habari za mama yake.

Jumamosi, 13 Aprili

Bado Mpya kaleta kwa mkokoteni wake ubao wa kukalia wa kiti cha nne, maana ule wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa. Hakutaka malipo. Kavikuta vile vitatu vimepangwa barazani vinang'aa, akavizunguka mara mbili bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

"Mzee, hivi nikikurudishia pesa yako, utanipa nikaviuze?"

"Haviondoki," kasema Baba. "Mama yao hajavikalia."

Bado Mpya kanitazama mimi. Nimetazama mvua. "Basi tumsubiri," kasema, akakaa chini sakafuni, asivikalie, akasubiri nasi robo saa nzima.

Nimekosea kumhesabu mtu huyu.

Alhamisi, 18 Aprili

Kiti cha nne kimekwisha. Kitanda kina chaga zote. Kabati linafungika kwa kidole kimoja. Mapazia nimeshona kwa shuka mbili kuukuu na hakuna atakayejua. Nyumba imekwisha, isipokuwa haina viti. Vyote vinne viko barazani kwa mstari, vinatazama lango.

Baba hana kazi ya mkono tena. Sasa kazi yake ni kungoja. Chakula nikimpa anasema tule naye akirudi.

Ijumaa, 19 Aprili

Kauliza mara kumi na nne. Kisha nikaacha kuhesabu.

Jumapili, 21 Aprili

Siku ya leo sijui niiandikeje. Nitaiandika ilivyokuja.

Tulikuwa kule nyumbani. Mvua ilikuwa nzito tangu asubuhi. Nilikuwa ndani natundika pazia la mwisho, nimesimama juu ya ndoo. Baba aliuliza kupitia dirishani, na mimi, pini ziko mdomoni, nikamjibu bila kugeuka: "Kaenda sokoni, Baba, si nimekwambia?" Kulikuwa na ukali ndani yake. Nilijisikia mwenyewe.

Nilipotoka baraza lilikuwa na viti vitatu. Lango liko wazi.

Nilikimbia hadi barabarani bila viatu. Sikumwona. Nikakimbia njia ya sokoni, nikipiga kelele "Baba" kama mtoto wa miaka mitano, na watu wakanichungulia kutoka kwenye vibaraza vya maduka. Jumapili soko limefungwa. Meza tupu, maturubai, maji yanatiririka katikati. Nikauliza mlinzi. Kasema ndiyo, kapita mzee kabeba kiti, anauliza kama kuna mwanamke amechelewa hapa. Alimwambia hakuna mtu. Mzee akasema ataangalia mbele.

Nilitafuta saa mbili. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Niliporudi nyumbani kuchukua viatu ndipo nikaona mkokoteni unakuja. Bado Mpya anauvuta, maji yanamtoka kidevuni. Juu ya mkokoteni, chini ya karatasi kubwa ya nailoni, Baba kakumbatia kiti. Alikuwa kaingia kwenye ua wa mabati na kukaa katikati ya makabati kusubiri, kwa kuwa palikuwa na viti vingi, na mahali penye viti vingi alijua Mama ataitwa.

Alikuwa anatetemeka. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikamshusha, nikamvua shati, nikamfunga mataulo, na woga wote uliokuwa ndani yangu ukageuka ukawa hasira, ukatoka.

"Unamtafutia nini?" nikampigia kelele. "Umkalishe kwenye kiti? Miaka hamsini na zaidi hukumwacha hata akapika chungu kikaiva! Njoo kaa, njoo kaa, kama gunia! Alikuwa mtu, Baba, hakuwa kipimo chako!"

Sijawahi kumpandishia baba yangu sauti maisha yangu yote. Bado Mpya akageuka ukutani akaanza kukunja ile nailoni polepole.

Baba hakukasirika. Alinitazama kwa utulivu, kwa macho yake ya zamani.

"Kiti hakijaribiwi hivyo," akasema. "Kiti nakijua kikiwa bado mkononi mwangu. Nikikitikisa mara moja nimekwisha jua."

"Sasa ulikuwa unasikiliza nini?"

"Mama yako alikuwa hakai, mwanangu. Kutwa yuko wima. Nikimwambia pumzika, anasema nani atapika, wewe? Nikimwambia kaa, anasema nitakaa kaburini. Lakini nikimwambia njoo unijaribie kiti, hiyo ni kazi. Kwa kazi anakaa." Akatabasamu kidogo, meno yanagongana kwa baridi. "Ndiyo maana nikasema nasikiliza mguu. Kuna siku alisinzia. Nikapiga goti pale mpaka magoti yakafa ganzi."

 Bado Mpya alikuwa ameimaliza nailoni yote na bado anaikunja.

Leo kakaa mwenyewe. Miezi mitatu unusu nimeibeba sentensi ile ya Baba kama ushahidi dhidi yake. Alimwona mkewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, amekaa bila kuitwa, na akafurahi. Akamlinda usingizi wake. Akaweka kidole mdomoni ili nisiuharibu.

Baba yangu, nisamehe.

Jumatatu, 22 Aprili

Homa. Daktari kaja.

Jumanne, 23 Aprili

Homa.

Alhamisi, 25 Aprili

Imeshuka. Kanywa uji nusu kikombe. Muuguzi, mpangaji wetu mtarajiwa, kapita mwenyewe bila kuitwa, kamsikiliza kifua, kasema mapafu yako salama. Kaka anapiga kila baada ya saa mbili na haulizi kabati.

Baba kauliza mara moja tu, kwa sauti ndogo. Nilifungua mdomo niseme sokoni, neno likakataa kutoka. Nikamwambia nitakujibu ukipona.

Jumamosi, 27 Aprili

Kapona kiasi cha kutembea. Mvua imepungua, inapita na kurudi. Kaomba twende kwake. Tukakaa kwenye ukingo wa baraza, viti vinne mbele yetu.

"Mama yako kaenda wapi?"

Nikamshika mikono yote miwili. "Baba, Mama hawezi kuja. Alifariki. Mwezi wa kwanza."

Alilia. Nilikuwa nimejiambia kwamba huenda safari hii itakuwa tofauti, lakini kilio kilikuwa kilekile, cha mtu anayepigwa asipotarajia. Ila mimi ndiye niliyekuwa tofauti. Zile siku za mwezi wa pili nilikuwa nikishamwambia nakimbilia jikoni. Leo nilibaki.

Baada ya muda akauliza, "Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Karibu kabisa."

"Alikuwa amesimama?"

"Hapana, Baba. Alikuwa amekaa. Mlangoni mwa jikoni."

"Nani alimkalisha?"

"Alikaa mwenyewe."

Akalitafakari neno hilo muda mrefu sana, machozi yakiendelea yenyewe. "Basi alikuwa amechoka," akasema. Na baadaye, "Nilimwacha apumzike?"

"Ulimwacha apumzike. Ulitukataza hata kuongea."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani tumemaliza, nikawa natafuta leso. Yeye akawa kainuka, kavuta kiti cha kwanza, kile cha mwalimu mwembamba, kakiweka mbele yangu.

"Viti vya watu hivi, haviwezi kungoja," akasema. "Kaa wewe."

Nikakaa. Akapiga goti kwa tabu, mkono mmoja begani kwangu, akaweka sikio karibu na mguu wa kiti. Kutoka pale juu niliona utosi wake, nywele zilivyobaki chache. Mgongo wangu, ambao tangu mwezi wa kwanza sijauegemeza mahali mchana, ukagusa ubao.

"Kimeshika," nikasema haraka.

"Bado. Usiinuke. Nasikiliza mguu."

Cha pili na cha tatu vilikwenda hivyohivyo. Kwenye kiti cha nne sikusema neno. Nilikaa tu, naye akapiga goti tu, na wala hakuniharakisha. Manyunyu yalikuja yakapita. Nilipoweza kusema, nikasema, "Kimeshika, Baba," na yeye akaniomba nimsaidie kuinuka.

Tukaviingiza ndani, viwili viwili.

Jumatano, 1 Mei

Muuguzi kahamia. Bado Mpya kambebea godoro kwa mkokoteni na kumwapia kwamba kila kilichomo humo bado kipya. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema uongo.

Muuguzi alipovua viatu na kujibwaga kwenye kiti mezani, kafumba macho akashusha pumzi ndefu. Baba alikuwa mlangoni amevaa koti tayari kuondoka. Kaweka kidole mdomoni. Tumetoka tukinyata.

Jumatatu, 6 Mei

Jua siku ya tatu mfululizo. Msimu umekwisha, nadhani.

Kaka anakuja Ijumaa. Kasema akiulizwa uso kwa uso atajibu kama ninavyojibu mimi, na kwamba nikae karibu.

Asubuhi Baba kauliza. Nimemwambia. Kalia, nami nikakaa naye mpaka akanyamaza, kisha nikaenda jikoni kwa kuwa kulikuwa na vyombo vya jana, nguo zake za kufua, maji ya kuchemsha na mboga ya kuchambua. Nikiwa katikati ya povu nikasikia ananiita. Alikuwa kakiweka kiti changu cha jikoni katikati ya chumba.

"Hiki kimelegea," akasema. "Njoo unijaribie."

Nina kiti hicho miaka ishirini na mbili. Alinitengenezea mwenyewe nilipohamia hapa, na hakijawahi kulegea hata siku moja. Nikajifuta mikono, nikaenda nikakaa.